Kabla hujawasha mashine, uzunguke mti

Juzi nilipita mahali nikakuta vijana wawili wako kazini. Mmoja alikuwa juu ya ngazi, msumeno wa mnyororo mkono mmoja, na mkono wa pili ameshikilia tawi lile lile analolikata. Ngazi yenyewe imeegemea tawi hilo hilo. Mwenzake yuko chini, kichwa wazi, anatazama juu. Nikawaomba wazime mashine. Wakazima, wakanisikiliza kwa adabu kabisa, shikamoo mzee, asante mzee. Nilipofika kona nikaisikia inanguruma tena.

Nimekosa usingizi kwa ajili ya wale watoto, ndiyo maana naandika. Sisemi na mtu wa nje ya kazi hii yetu ya kukata miti na kupunguza nyua. Nasema na wewe ambaye tayari una mashine, kamba, mkanda wa kupandia na wateja wawili watatu. Kuchanganya mafuta unajua, mnyororo umeshakukatikia, na unadhani kilichobaki ni kupata kazi nyingi tu. Kaa kidogo, mdogo wangu.

1. Bei haitajwi getini. Unaitwa, unafika, unauona ua wa miti kutoka barabarani, unataja bei, mnapeana mikono. Kesho yake unagundua upande wa pili kuna tangi la maji, banda, na mteremko usioweza kusimamisha ngazi. Zunguka kwanza. Omba ruhusa uingie hata kwa jirani. Tazama juu kama kuna nyaya, viota, nyuki. Tazama chini, maana gogo likidondoka juu ya shimo la maji taka lililofunikwa kwa mfuniko mwembamba utafanya kazi mbili. Papasa shina uone kama limemeza waya au msumari.

Halafu uliza swali ambalo kila mgeni husahau: taka zinakwenda wapi, na nani anazipeleka? Kukata ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kukusanya, kukatakata, kupakia na kufagia. Piga hesabu mwenyewe: ua wa urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2, ukiupunguza nusu mita upande mmoja tu, umeondoa mita za ujazo 20 za majani na vijiti. Bei uliyoitaja getini haikuziona hizo. Andikeni kwenye karatasi kinachokatwa, kimo kinachobaki, anayeondoa taka, na magogo ni ya nani. Usiyadharau magogo. Nimewahi kuona mteja na jirani yake wakigombana kwa sababu ya magogo matatu, na aliyeulizwa maswali kuanzia asubuhi hadi jioni ni fundi.

2. Mti ni wa nani? Ukiwa mpakani, hakikisha pande zote mbili zimekubali, na uliza kwa mamlaka za eneo kama mti huo unahitaji kibali.

3. Nyaya za umeme. Kaeni mbali nazo mita 3, wewe, mashine yako, kamba yako na tawi unaloliangusha, na hapo nazungumzia nyaya za kawaida, zile kubwa zinataka nafasi zaidi. Mti mbichi una maji, na umeme unapita humo. Kama tawi limeshaugusa waya, hiyo si kazi yako tena. Waite wenye umeme wao. Mteja akikuambia fundi wa mwaka jana alilikata bila shida, mwambie amwite huyo.

4. Ua si ua tu. Hapa nitakaa, maana hili linaniuma mpaka leo.

Nilikuwa na miaka mitatu katika kazi. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na ua wa misaipresi kando ya njia ya gari, mita 30 hivi, mkongwe, mnene, umenyooka kama ukuta. Ulikuwa umetanuka mpaka gari linapita kwa kukwaruzwa. Akaniomba niupunguze mita nzima upande wa njia. Nikamwambia hakuna shida, Mwalimu. Nikachukua malipo ya awali, na jioni ile ile nikanunua mnyororo mpya na kulipa deni.

Mpaka hapo nilikuwa nimekata michongoma, mibogonvilea na mihibiskasi kwa wingi. Hiyo unaikata hadi mti mtupu, mvua zikija inachipua kama haikuguswa. Nikadhani kila ua ni hivyo.

Nikaanza asubuhi. Baada ya mita mbili nikaona kitu. Ule ukijani wote ulikuwa ngozi tu, unene wa kiganja na nusu. Nyuma yake hakukuwa na jani hata moja, ni vijiti vya kahawia, vumbi, na majani makavu yaliyonasa humo miaka mingi. Kijana niliyekuwa naye akaniuliza, “Kaka, mbona panabaki mifupa?” Nikazima mashine. Nakumbuka kimya kile. Nilisimama pale na kitu ndani yangu kiliniambia nenda kamwite Mwalimu aje aone kabla hujaendelea. Lakini hela yake nilikuwa nimeshaitumia, na kumwita ilikuwa ni kukiri kwamba sijui. Nikamjibu kijana kwamba utachipua. Nikawasha mashine. Nilikata mita 28 zilizobaki nikiwa tayari na shaka, na hilo ndilo kosa lenyewe. Zile mita mbili za kwanza zilikuwa ujinga. Zile 28 nilizifanya macho yakiwa wazi.

Jioni Mwalimu akatoka. Akapitisha mkono juu ya vijiti, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Akauliza, “Yatarudi lini?” Nikasema miezi mitatu. Sijui nilikoitoa hiyo miezi mitatu.

Miezi mitatu ikapita, akapiga simu kwa upole. Nikamwambia asubiri mvua. Mvua zikaja zikaisha. Akapiga tena, na nasema kwa aibu, nilianza kutopokea simu zake. Mwishowe nikamweleza fundi mmoja mzee niliyekuwa namheshimu, tukaenda wote. Akavunja kijiti kimoja, akanionyesha. Kikavu, hakina jicho hata moja la kuchipulia. Akanieleza kwamba msaipresi hauweki macho ya akiba kwenye mti wake wa zamani. Ukivuka kijani umefunga mlango, mvua haifungui. Akaniambia, “Sasa nenda ukamwambie mwenyewe, mimi nakusubiri hapa.”

Nikaenda. Nikamwambia kila kitu, pamoja na kwamba nilishaona tangu mita ya pili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo nayasikia kila nikiingia kwenye kazi mpya: “Mwanangu, ungeniambia tu haiwezekani, ningeisogeza njia ya gari.” Ile njia ilikuwa ya kokoto, upande wa pili ni nyasi tupu. Kusogeza ilikuwa kazi ya siku moja na sepetu.

Nilimrudishia pesa zake kwa mafungu. Nikang'oa ule ua, nikapanda miche mipya kwa gharama yangu, nikaimwagilia kiangazi cha kwanza chote. Ilichukua miaka kufika kifuani, na miaka yote hiyo kila aliyepita barabarani aliona hadi sebuleni kwake.

Kwa hiyo, ukikuta msaipresi au ndugu zake wenye majani ya magamba, fungua majani kwa mkono uangalie kijani kinaishia wapi. Kata ndani ya kijani tu, kidogo kidogo kila mwaka. Na ua wowote uache chini pana kuliko juu, ili jua lifike miguuni, la sivyo utapata ua wenye nywele juu na miguu mitupu. Mteja anajua anachokitaka, lakini wewe ndiye unayeujua mti. Anakulipa na kwa hilo pia.

5. Tawi zito, kata mara tatu. Ya kwanza kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, kina cha robo hadi theluthi ya unene wa tawi. Ya pili kutoka juu, mbele kidogo ya ile ya kwanza, tawi linadondoka bila kuchuna gome. Ya tatu ni kuondoa kisiki kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe pale tawi linapokutana na shina. Usiukate uvimbe huo ili paonekane laini, wala usiache kisiki cha kutundikia kofia. Mti hauponi kama ngozi yetu. Unajenga ukuta ndani kuzunguka jeraha, kisha unakua juu yake. Alex Shigo, mtafiti wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo ili atazame ndani, ndiye aliyetufungua macho kwa hili. Na ile rangi mnayopaka kwenye kidonda haizuii kuoza, okoa hela.

Uzito nao mnauchezea. Gogo bichi la unene wa sentimita 30 na urefu wa mita 3 lina kilo kama 200. Yule kijana wa juzi alikuwa anataka kulidaka kwa mkono.

6. Kuangusha mti mzima: mdomo, yaani ule mkato wa kabari upande mti unakoangukia, usizidi theluthi ya unene, na usiikate bawaba yote, ile sehemu inayobaki kati ya mdomo na mkato wa nyuma. Acha kama sehemu moja ya kumi ya unene, ndiyo inayouongoza mti. Njia ya kukimbilia isafishwe kabla ya kukata, kinyumenyume kwa mshazari. Mti ulioinama sana mbele unaweza kupasuka wima ukakurudia kifuani, huo muachie aliyekuzidi umri wa kazi.

7. Mnyororo ukitoa vumbi badala ya vipande, umekufa makali. Noa, usikandamize.

8. Msumeno na ngazi havioani. Mikono miwili kwenye mashine, daima, na usiguse mti kwa sehemu ya juu ya ncha, ndiyo inayoirusha mashine usoni.

9. Mlipe kijana wako siku hiyo hiyo, na mnunulie kofia ngumu na miwani kabla hujajinunulia mashine ya pili. Na akikuuliza swali, zima mashine umjibu.

Mwezi uliopita tulikuwa na ua wa misaipresi, mteja ana haraka, na mimi nilikuwa nyuma napanga kamba. Kijana wangu, ana miezi minne tu kazini, akaweka mashine chini, akafungua majani kwa mikono yote miwili, akaingiza kichwa humo. Akatoka na majani makavu kwenye kope. “Mzee,” akasema, “humu ndani hamna kijani.” Tukaacha vifaa pale pale, tukaenda wote wawili kugonga mlango wa mwenye nyumba.