Kijana wangu yuko fildi Kilwa anaokota vigae, ndo masomo gani hayo?

SWALI: Habari za kazi. Kijana wangu anasoma mambo ya kale chuo, saivi yuko fildi visiwa vya Kilwa, anasema siku nzima wanatembea vichakani wanaangalia chini wanatafuta vigae vya vyungu. Si magofu yapo yanaonekana? Nimemwambia aniletee hata kimoja nikione. Mama Neema, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Shikamoo Mama Neema. Magofu yapo ndio, ila yale ni ya wenye uwezo waliojenga kwa mawe na chokaa, wengine walikaa nyumba za miti na udongo na hizo hazisimami miaka 600. Tembe unalijua mama, likihamwa likapigwa mvua miaka kadhaa panabaki kimwinuko cha udongo, majivu na vigae, mgeni anapita juu hajui kama watu walizaliwa hapo.

Ndo maana wanatembea. Wanajipanga mstari, kila kigae wanachokiona wanachukua pointi ya GPS, penye vigae vingi wanachimba vishimo, udongo unapitishwa kwenye chekeche, hapo zinatoka shanga, mifupa ya samaki, mkaa wa kupimia umri. Na kigae chenyewe kinaongea: kikiwa na pembetatu zilizochanjwa karibu na mdomo wa chungu ujue ni cha karne ya 7 mpaka ya 10 hivi, kabla ya yale majumba makubwa, kikiwa na kijani kinachong'aa kama kioo mara nyingi hicho kimetoka mbali, Uajemi au China huko, kwa biashara ya baharini.

Cheki Songo Mnara, hukohuko visiwa vya Kilwa, mji uliokaliwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 mpaka mwanzo wa karne ya 16. Wengi walikuwa wanatazama majumba ya mawe na misikiti tu, baadae watafiti wakapima ardhi kwa mashine na kuchimba zile sehemu zinazoonekana tupu, kumbe kulikuwa na nyumba za udongo humohumo katikati ya mji! Mimi hapo ndo pananigusa, maana hao watu hakuna aliyewaandika popote, wamebaki kwenye udongo tu.

Ila la kuletewa kigae hapana mama. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, halafu kikishatolewa bila kuandikwa kilikuwa wapi hakuna tena wa kujua kama kilikuwa jikoni, kisimani au jalalani. Mwambie akurushie picha kikiwa bado chini, aweke na rula pembeni uone ukubwa wake.