Nina miaka 17, nimemaliza form four, wanafunzi wa tuisheni nawapataje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Mbagala, nimemaliza form four Novemba, hesabu naziweza. Nataka nifundishe watoto wa primary wakati nasubiri matokeo na form five, ila kila mama nikimwambia ananiona mtoto tu. Nianzie wapi, na nichaji shingapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kumaliza. Hao wamama wala hawajakosea, hawana cha kukupimia, matokeo yenyewe bado, kwa hiyo usizunguke nyumba kwa nyumba kujinadi. Tafuta mtoto mmoja tu, wa jirani mnayeombana chumvi, awe darasa la tano hivi, umfundishe wiki mbili bila hela. Na kabla hujafundisha chochote chukua madaftari yake ya hesabu ukae nayo, maana shida ya mtoto mara nyingi ilianza madarasa mawili nyuma.

Mfano huu nakutana nao kila mwaka: mtoto anajumlisha 1/2 na 1/3 anapata 2/5, za juu kajumlisha na za juu, za chini na za chini. Ukimwandikia 5/6 atakariri halafu kesho anarudia kule kule. Kata vipande viwili vya karatasi vya sentimita 10, kimoja apime nusu, sentimita 5, kingine apime 2/5, sentimita 4. Akiona mwenyewe kwamba alianza na nusu, akaongeza, halafu ikapungua, anashtuka, na hapo ndo unamwingiza kwenye KDS, ile namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 2 na kwa 3, yaani 6. Akikwama kwenye KDS ujue tebo hajui, mrudishe kwenye tebo hata kama yuko la tano, hakuna aibu. (Wewe umetoka sekondari kichwani una LCM, ndo hiyo hiyo KDS kwa Kiingereza, wa English medium utaelewana naye, wa Kayumba, yaani shule ya serikali, anajua KDS, zizoee zote mbili.)

Wiki mbili zikiisha mpelekee mama daftari, ukurasa wa siku ya kwanza na wa leo, basi. Huyo mama ataongea saluni, ataongea kwenye kikoba, na wewe utaitwa. Wanafunzi wangu sita wa kwanza waliletwa na mama mmoja muuza vitumbua.

Bei ulizia tuisheni za hapo mtaani wanatoza ngapi, anza chini yake kidogo. Mzazi anayepata hela ya siku mdai kwa siku, jero (mia tano) kila jioni inatoka kirahisi kuliko elfu kumi mwisho wa mwezi. Ukiona mtu mtandaoni anakwambia tuma hela ya usajili akupe wanafunzi, usitume hata mia, mwenye wanafunzi kweli anakata kwenye ulichokwisha kulipwa.

Hili la mwisho silegezi: fundishia barazani au sebuleni mlango wazi, mtu mzima awepo, watoto wawe wamefika kwao kabla ya magharibi. Inamlinda mtoto na inakulinda wewe.

Na waambie mapema kwamba form five ikifika mwezi wa saba unaondoka, hasa wenye watoto wa la saba kwa sababu mtihani wao ni Septemba, halafu kila mtoto mwachie mzazi wake karatasi inayoonyesha ameshaelewa nini na wapi bado anakwama, atakayekupokea aanzie hapo.