Maji yakijaa siyo mawimbi, na mvuvi wako hakukosea

Msomaji wa Mwanza kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nilikuwa Dar likizo, nikasikia kwenye tivii kesho saa kumi jioni kutakuwa na 'mawimbi ya juu'. Nikaenda ufukweni muda huohuo, bahari imetulia kabisa, ila maji yamepanda mpaka karibu na minazi. Hayo mawimbi ya juu yalikuwa wapi? Halafu wavuvi wawili, mmoja anasema 'subiri maji yapwe', mwingine kesho yake asubuhi anasema 'yameshakupwa'. Nani kapatia?"

Marahaba. Wavuvi wote wawili wamepatia, aliyekosea ni wa kwenye tivii, na hilo kosa linaniuma kwa sababu siku hizi nalisikia kila mahali, mtu anatafsiri neno la Kiingereza 'tide' harakaharaka anaandika mawimbi ya juu na mawimbi ya chini, wakati sisi maneno yetu tunayo tangu zamani: maji kujaa na maji kupwa. Ulichokiona saa kumi jioni ni maji yamejaa. Wimbi halikuwepo kwa sababu upepo wa kulileta haukuwepo, basi.

Yaani hapa lugha imetenganisha vitu viwili kwa sababu hata chanzo chake ni viwili. Wimbi linaletwa na upepo, upepo unasugua uso wa maji, maji yanakunjamana, na ukivuma kwa nguvu na kwa muda mrefu kwenye eneo pana ndo wimbi linakuwa kubwa, tena linaweza kusafiri mbali sana likakufikia wewe ambako hata jani halitikisiki. Maji kujaa na kupwa ni kazi ya mwezi, jua linasaidia tu, nguvu yake kwenye hili haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unavuta bahari upande ulioelekea kwake maji yanainuka, na upande wa pili wa dunia nako yanainuka kwa sababu kule mvuto wake ni hafifu zaidi, halafu dunia inazunguka, kwa hiyo pwani yetu inapita kwenye kujaa mara mbili kwa siku. Ila mwezi nao hausimami, unasogea, ndo maana kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, na kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50. Ungerudi palepale kesho yake saa kumi ungekuta bado yanajaa.

Wewe umekulia Mwanza, mawimbi unayajua vizuri tu maana Ziwa Victoria likichafuka linachafuka kwelikweli, lakini kupwa hujawahi kukuona kwa sababu ziwani mwezi haufanyi kitu cha kuonekana kwa macho. Sikulaumu hata kidogo. Unguja na Mombasa maji yanaweza kupanda na kushuka kama mita 4 siku za bamvua, mtu wa hapo hawezi kuliita hilo wimbi.

Na bamvua lenyewe linatumiwa vibaya, wengi wanadhani ni maji kujaa sana tu. Hapana. Bamvua ni zile siku ambazo maji yanajaa sana NA yanakupwa sana, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu hapo jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja. Mwezi ukiwa nusu vinavuta kila kimoja upande wake, maji yanajaa kidogo na kupwa kidogo, hayo tunayaita maji mafu. Kina mama wanaolima mwani kule Paje na Jambiani, Unguja, wanayajua haya kuliko sisi wenye kamusi, siku za bamvua maji yanakupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi, wanashuka shambani kwao mbali huko, maji mafu kuna siku huwezi hata kushuka.

Sasa yapwe na yakupwe. Kitenzi ni -pwa, kifupi kama -fa na -la, kwa hiyo fuata kufa tu hutopotea: amekufa, maji yamekupwa, anakufa, yanakupwa, ameshakufa, yameshakupwa. Lakini akifa, yakipwa, hajafa, hayajapwa, afe, yapwe, hufa, hupwa, kama kwenye methali maji yakijaa hupwa. Utasikia pia watu wa pwani wanasema "yamepwa" bila ku, wanaelewana na siwezi kumsahihisha mzee aliyezaliwa baharini, ila kwenye maandishi mi nashauri yamekupwa. Na tafadhali usichanganye na kupatwa, mwezi unapatwa, maji yanakupwa.

Neno hili lina ndugu wengi wazuri. Pwani yenyewe, isikilize, pwa iko humo ndani. Chombo kikiachwa na maji kikakaa juu ya mchanga tunasema kimepwelewa, na mtu sauti ikimkauka anasema nimepwewa na sauti. Ukishazoea kuandika mawimbi ya chini, maneno yote haya yanabaki yatima.

Kuna jambo dogo hukuuliza lakini linaingia hapa. Kusi na kaskazi ni majina ya pepo, na pepo zinaitwa kwa kule zinakotoka. Kaskazi inatoka kaskazini, Desemba mpaka Machi hivi, ndo iliyoleta majahazi ya Uarabuni na India huku kwetu, na kusi inavuma kutoka kusini kuanzia Aprili mpaka Septemba, ikayarudisha. Kusini na kaskazini ni majina hayohayo yameongezwa -ni. Kwa hiyo mtangazaji akitaka kusema bahari itachafuka aseme kusi itavuma kwa nguvu, mawimbi yatakuwa makubwa, na akitaka kusema ulichokiona wewe aseme maji yatajaa saa kumi jioni. Maneno matano tu, na hata mgeni wa Mwanza angeelewa.