Wasomaji Wanauliza: Tiba ya Akili Iliyopitia Mlango wa Jarida la Hadithi

SWALI: Shikamoo Mzee Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa saikolojia, mwaka wa pili, hapa Dodoma. Katika kipindi cha historia ya tiba za akili, mwalimu wetu aligusia Dayanetiki, tiba ya kujisaidia nyumbani iliyobuniwa na Mmarekani L. Ron Hubbard, akasema kwamba umma uliisikia mara ya kwanza mwaka 1950 kupitia jarida la hadithi za kubuni za kisayansi. Darasa zima lilicheka na kipindi kikaishia hapo. Ninachotaka kujua ni hiki: wasomaji wa jarida lile hawakufahamu kwamba wanasoma hadithi? Na mhariri wake alikubalije?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Darasa lenu lilicheka mapema mno, kwa maana makala ile haikuchapishwa kama hadithi, na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Jarida unalolitaja ni Astounding Science Fiction la New York, lililokuwa likiuzwa senti 25 na kuhaririwa na John W. Campbell tangu mwishoni mwa mwaka 1937. Kila toleo lilikuwa na hadithi, lakini pia lilikuwa na makala ya kweli kuhusu roketi, nyota, kemia au mashine za kukokotoa, na wasomaji wake wengi walikuwa wahandisi, mafundi wa redio na wanafunzi wa sayansi. Dayanetiki iliwekwa katika nafasi hiyo ya makala za kweli, kwenye toleo la Mei 1950, ikiwa na utangulizi ulioandikwa na daktari wa tiba, Joseph Winter wa Michigan. Kitabu chenyewe kilitoka mwezi uleule kwa mchapishaji Hermitage House, na kabla ya mwaka kwisha kilikuwa kimeingia katika orodha ya vitabu vinavyouzwa sana Marekani.

Campbell alijua kwamba watu watadhani ni mzaha, naye alikuwa na sababu nzuri ya kuhofia hivyo. Miaka miwili tu kabla, Machi 1948, alikuwa amechapisha makala ya mwandishi wa hadithi Isaac Asimov iliyoandikwa kwa lugha kavu ya maabara, yenye majedwali na michoro, kuhusu kemikali ya kubuni inayoyeyuka sekunde moja na kidogo kabla ya kumiminiwa maji. Asimov, ambaye wakati huo alikuwa akikaribia mtihani wake wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia, aliomba jina lake lisitumike, lakini likatumika, naye akahofu kwamba watahini wangemwona mtu wa mchezo. Mtihani ulipokaribia kwisha, mmoja wao akamwuliza kwa uso mkavu aeleze tabia za kemikali ile. Asimov akaangua kicheko cha kukosa nguvu, akatolewa nje, na baada ya muda mfupi wakamfuata na kumwita "Daktari Asimov," yaani amefaulu. Jarida lenye historia ya aina hiyo lilipoleta sayansi mpya ya akili, mhariri alilazimika kuwaapia wasomaji wake, kwa maneno mazito, kwamba safari hii hakuna utani.

Naye aliapa kwa moyo mweupe. Campbell alikuwa amesumbuliwa kwa miaka na ugonjwa wa pua na vijishimo vya mifupa ya uso ambao hospitalini huitwa sainusaitisi. Mwaka 1949 Hubbard, ambaye kwa zaidi ya muongo mmoja alikuwa mwandishi wake wa hadithi, alihamia jirani naye huko New Jersey, akamlaza kwenye kochi, akamfanyia tiba yake, na Campbell akaamini kwamba amepata nafuu. Tangu siku hiyo mhariri alikuwa mgonjwa aliyepona, shahidi na mpiga debe, akabaki vilevile kuwa hakimu wa kuamua kipi kichapishwe na kipi kirudishwe kwa mwenyewe. Mimi nimekaa kwenye kiti cha mhariri miaka mingi, na ninakuambia kwamba kofia hizo nne hazienei kichwa kimoja.

Ama tiba yenyewe, ilieleweka kwa urahisi mno, na urahisi huo ulikuwa sehemu ya mvuto wake. Hubbard alifundisha kwamba akili ya mwanadamu ni mfano wa mashine kamili ya kukokotoa, isiyokosea, ila kuna sehemu nyingine ya akili isiyofikiri ambayo hunasa kila kinachotokea mtu anapokuwa katika maumivu au amezimia: maneno yaliyosemwa karibu naye, harufu, sauti za vyombo. Minaso hiyo aliiita engramu. Alidai kwamba mingine hunaswa mtoto akiwa bado tumboni, na kwamba hiyo ndiyo mama wa hofu zisizo na sababu, na pia wa sehemu kubwa ya maradhi ya mwili, ikiwamo pumu na mizio. Dawa yake ilikuwa mazungumzo. Mgonjwa hulala na kufumba macho, mwenzake akahesabu polepole kutoka moja hadi saba, kisha akamwongoza kurudi kwenye tukio na kulisimulia tena na tena hadi liishiwe nguvu. Aliyemaliza engramu zake zote aliitwa aliyetakata, naye aliahidiwa kumbukumbu kamilifu na akili kali kuliko ya watu wa kawaida. Mwenzake huyo hakutakiwa kuwa na cheti. Kitabu na kochi vilitosha.

Sasa mtazame msomaji wa Astounding wa mwaka 1950. Machi 1944 jarida lake lilikuwa limechapisha hadithi ya bomu la atomiki yenye maelezo yaliyokaribia ukweli kiasi kwamba maofisa wa usalama walifika ofisini kwa Campbell kuuliza nani amevujisha siri, na mwaka uliofuata Hiroshima ikateketea. Watu waliokuwa wakichekwa kwa kusoma vijitabu vya majoka ya sayari za mbali wakajiona wao ndio waliokuwa macho wakati wengine wamelala. Mhariri yuleyule alipowaambia kwamba sasa akili ya binadamu imepatiwa uhandisi wake, kwa nini wamkatalie? Tena aliwazungumzia kwa lugha yao, ya saketi na kumbukumbu zilizohifadhiwa, wakati elimu ya saikolojia ya madaktari ilikuwa na istilahi nyingi na gharama kubwa kwa saa.

Jambo moja zaidi, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Daktari Winter alikuwa amejaribu kwanza kupeleka maelezo ya tiba hii kwa majarida ya kitabibu, nayo yakayakataa kwa kuwa hayakuwa na ushahidi wa kliniki. Kwa hiyo Astounding halikuwa chaguo la kwanza. Lilikuwa mlango uliobaki wazi baada ya milango yenye walinzi kufungwa, na mlinzi wa mlango huu alikuwa ameshatibiwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nimefuatilia mazungumzo yako kuhusu mada hii katika toleo lililopita, uliposema kwa sentensi moja tu kwamba waandishi wa hadithi za kisayansi "waligawanyika." Tafadhali fafanua. Majarida mengine yalilipokeaje jambo hili, na waandishi wakubwa walisimama wapi?
Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU: Mwalimu, umenibana kwa haki, sentensi ile ilikuwa ya mvivu.

Walioingia waliingia kwa miguu yote miwili. A. E. van Vogt, aliyekuwa miongoni mwa nyota wa Astounding, alikubali kusimamia kituo cha Dayanetiki cha Los Angeles, na kazi hiyo ikammeza kiasi kwamba kwa miaka mingi karibu aache kabisa kuandika hadithi mpya. James Blish aliandika makala ya kuikaribisha tiba hiyo katika Planet Stories la Novemba 1950, jarida ambalo kwa kawaida lilishughulika na mapanga na mabinti wa sayari ya Mirihi, ingawa baadaye shauku yake ilipoa. Theodore Sturgeon naye aliipenda, akajifunza kuitumia.

Upande wa pili walisimama watu ambao Campbell mwenyewe aliwalea. Asimov na L. Sprague de Camp walisoma makala ile kabla haijachapishwa, na hakuna kati yao aliyeridhika. Asimov, aliyekuwa mwanakemia, aliiona ni maneno matupu. Jack Williamson aliiona kama nadharia za Freud, mwasisi wa tiba ya kuchambua nafsi kwa mazungumzo, zilizopinduliwa na mtu asiye timamu. Utaona, Mwalimu, kwamba mgawanyiko haukuwa kati ya wapenda hadithi na wapenda sayansi, kwa kuwa wote walikuwa wapenzi wa vyote viwili. Kwa maoni yangu uligawa waliozoea kuuliza jaribio lilifanywaje na waliotosheka na kwamba hoja inapendeza.

Jarida lililonivutia zaidi ni Marvel Science Stories, ambalo halikuwa na hadhi ya Astounding hata kidogo. Katika toleo la Mei 1951 liliweka watu watatu meza moja: Hubbard akiinadi tiba yake, Sturgeon akiitetea kwa sauti ya upole, na Lester del Rey akiipinga. Del Rey aliipa makala yake kichwa cha habari ambacho kwa Kiswahili cha maduka ya mtandaoni tungekiita "Mtu wa Ajabu, Lipia Mzigo Ukifika," na kichwa hicho pekee kilitosha kuonyesha anachokiona: bidhaa inayouzwa kabla ya kuonekana. Jarida la daraja la chini lilifanya kazi ya uhariri ambayo jarida la daraja la juu liliikwepa. Astounding liliendelea kumpa Hubbard nafasi Oktoba 1950 na tena Januari 1951.

Nje ya ulimwengu huo mapokezi yalikuwa ya baridi. Septemba 1950 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliwataka wanachama wake wasiitumie tiba hiyo ila kwa uchunguzi wa kisayansi, kwa kuwa madai yake hayakuwa na ushahidi wa majaribio. Januari 1951 mwanafizikia Isidor Rabi, mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliandika katika Scientific American kwamba pengine tangu uchapaji ubuniwe hakijatokea kitabu chenye ahadi nyingi na ushahidi haba kiasi hicho kwa kila ukurasa.

Lakini kilichoumiza zaidi kilitokea tarehe 10 Agosti 1950, katika ukumbi wa Shrine, Los Angeles, uliojaa maelfu ya watu. Hubbard alimpandisha jukwaani mwanafunzi wa kike wa fizikia, akamtambulisha kuwa ametakata na anakumbuka kila kitu alichowahi kuona. Watu wakaanza kumwuliza. Hakuweza kutaja kanuni nyepesi ya fizikia aliyokuwa akiisomea. Kisha Hubbard alipokuwa amegeuka, mtu mmoja akamtaka binti ataje rangi ya tai ya Hubbard. Binti akanyamaza. Watu wakaanza kuinuka na kuondoka. Mimi humwonea huruma zaidi binti yule kuliko mtu mwingine yeyote katika kisa hiki, kwa maana hakuna anayejua rangi ya tai ya mtu mwingine, na yeye ndiye pekee aliyeshtakiwa kwa kutoijua.

SWALI: Mhariri, je, Dayanetiki ndiyo hiyohiyo Sayantoloji tunayoisikia? Na yule Campbell aliwahi kuomba radhi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni mzazi na mtoto. Taasisi ya kwanza ya Dayanetiki ilifunguliwa Elizabeth, New Jersey, mwaka 1950, Campbell na Winter wakiwa miongoni mwa viongozi wake. Januari 1951 bodi ya madaktari ya jimbo hilo iliishtaki kwa kufundisha tiba bila leseni, fedha zikakauka, na kufikia mwaka 1952 shughuli zilizohamia Wichita zilikuwa zimefilisika. Hubbard akaja na mafundisho mapya, na Desemba 1953 Kanisa la Sayantoloji likasajiliwa Camden, New Jersey. Vitabu vya Dayanetiki vimebaki kuwa sehemu ya mafundisho yake mpaka leo.

Winter alijitoa mwishoni mwa mwaka 1950, kisha akaandika kitabu chake mwenyewe akieleza alichokiona cha kufaa katika mbinu ile na kilichomtisha, ikiwamo kuwaachia watu wasiofunzwa wachokonoe akili za wagonjwa. Campbell alijitoa mwaka 1951, na mwaka huohuo akamwoa dada yake Winter, kwa hiyo waliotengana na Hubbard wakaishia kuwa mashemeji.

Kuhusu radhi, wewe pima mwenyewe. Waandishi wake wazuri walipata pengine pa kwenda, kwa kuwa jarida la Galaxy lilianza Oktoba 1950, likalipa vizuri, na Asimov alikuwa miongoni mwa walioanza kupeleka hadithi huko. Campbell hakubadilika. Mwaka 1956 aliwaletea wasomaji wake habari za mashine iliyosemekana kupima nguvu zisizojulikana kwa kugusa kibamba kwa vidole na kusikilizia kama kinanata. Aliijenga mwenyewe akasema inafanya kazi, kisha akajaribu kuchora saketi yake kwa wino kwenye karatasi, bila waya wala umeme, akaripoti kwamba mchoro nao ulifanya kazi sawasawa.