Maswali ya Wasomaji: Nani Atachangia Ngoma Zetu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Iganga, na baada ya masomo ninawafundisha vijana ngoma za Busoga, ufalme wetu wa mashariki mwa Uganda, ikiwemo bigwala, ngoma ya tarumbeta za vibuyu. Tumewaendea wafanyabiashara na viongozi wa kwetu kuomba msaada, na karibu wote wametujibu kwamba hospitali, ada za shule na misiba vinatangulia, na kwamba ngoma ni starehe ya walioshiba. Tuwaambie nini? – Mwalimu, Iganga

JIBU: Ndugu Mwalimu, siamini kwamba watu wetu ni wachoyo. Yeyote aliyehudhuria vikao vya maandalizi ya harusi, Kampala au huko kwenu, ameona jinsi watu wanavyosimama mmoja mmoja kutaja ahadi zao, huyu keki, yule gari la bibi harusi, katibu akaziandika zote na mweka hazina akawapigia simu mpaka walipe. Wanaotoa ahadi hizo ndio hao hao mnaowaendea. Tofauti ni kwamba kwenye harusi mtu anajua anachangia kitu gani, kitahitajika lini na nani atamfuata asipotoa, ilhali vikundi vingi vya sanaa hupeleka barua ya kuomba “msaada wa kukuza utamaduni”, ombi ambalo halina bei wala tarehe.

Bigwala inakupa hoja nzito kuliko uliyotumia. Mwaka 2012 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wazee waliojua kutengeneza tarumbeta zake, kuzipiga na kuzicheza walikuwa wamebaki wanne tu. Huchezwa kwa tarumbeta tano au zaidi, kila moja ikitoa sauti yake moja, na wapigaji hupokezana sauti hizo mpaka wimbo ukamilike, hivyo akikosekana mmoja pengo lake husikika. Tarumbeta zenyewe ni za vibuyu, ambavyo lazima vipandwe, vikomae, vikaushwe, kisha vikatwe na kuunganishwa na mtu anayejua kazi hiyo. Andika basi mambo hayo katika barua yako, kila kimoja na bei yake kwa shilingi: mbegu za vibuyu na kukodi kipande cha shamba kwa msimu mmoja, nauli na posho ya mzee anayekuja kufundisha, uji wa watoto siku za mazoezi. Mwenye duka la pembejeo ataona palipo na nafasi yake, na mwenye basi dogo ataona yake.

Usishindane na hospitali, kwa maana anayesema ugonjwa unatangulia anasema kweli. Mweleze tu kwamba wodi iliyokosa vitanda mwaka huu inaweza kuvipata mwakani, lakini mzee akizikwa na ujuzi wake, hakuna bajeti itakayoufukua. Mkumbushe pia kwamba bigwala ndiyo iliyokuwa ikipigwa wafalme wa Busoga walipotawazwa na walipozikwa, kwa hiyo haikuanza kama burudani ya walioshiba.

Na mtu akikwambia kwamba watu wa Uganda hawachangii utamaduni, mtajie Kasubi. Makaburi ya wafalme wa Buganda, yaliyokuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, yaliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Japani ilisaidia kupitia UNESCO, na hilo ni la kushukuriwa, ila mimi naona uzito mkubwa zaidi katika kampeni ya michango iliyoitwa Ettoffaali, yaani tofali, ambapo Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, Charles Peter Mayiga, aliyeshika wadhifa mwaka 2013, alizunguka kutoka saza hadi saza, yaani majimbo ya ufalme huo, akipokea michango ya matajiri na ya watu wenye vipato vidogo kabisa. Septemba 2023 Kasubi iliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Miaka 13 ni mingi, na sababu haikuwa fedha peke yake, kwani kuezeka kwa nyasi nyumba ile yenye makaburi ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yenye miiko yake, na inahitaji mikono iliyofundishwa. Wafadhili wetu hupenda kukata utepe kwenye jengo jipya. Laiti wangependa vivyo hivyo kumlipa fundi ili afundishe wanne wengine.

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi, na ninataka kutenga fedha kila mwaka kwa ajili ya sanaa. Je, sheria ya kodi inanipa nafuu yoyote? Na nitajuaje kwamba fedha hazijaliwa? – Mfanyabiashara, Mbale

JIBU: Nafuu ipo, lakini mlango wake ni mwembamba. Sheria ya kodi ya mapato inakuruhusu kuondoa katika mapato yako, kabla ya kodi kukokotolewa, zawadi uliyotoa kwa taasisi iliyosamehewa kodi, mradi haizidi asilimia 5 ya mapato yako yanayotozwa kodi. Sheria hiyo inataja taasisi za dini, za hisani na za elimu zinazohudumia umma, inataja hata vyama vya michezo ya ridhaa, lakini sanaa haikutajwa kwa jina lake, kwa hiyo kikundi cha maigizo hulazimika kupitia mlango wa elimu au wa hisani na kupata barua ya uamuzi kutoka kwa Kamishna wa Mamlaka ya Mapato. Kuandikishwa URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, peke yake hakutoshi. Omba kuiona barua hiyo kabla ya kutoa fedha. Kwa maoni yangu Bunge lingefanya jambo jema kuiongeza sanaa katika orodha hiyo.

Kuhusu kuliwa, usitoe donge moja kubwa. Ahidi kiasi cha wastani kwa miaka mitatu, kilipwe kila robo mwaka baada ya hesabu ya robo iliyotangulia, na utembelee mazoezi, kwa sababu siku ya onyesho kila kikundi hupendeza. Mabati na saruji vitapokewa kwa furaha na makumbusho madogo ya kijamii yaliyo katika wilaya kadhaa, ila uliza pia nani atalipa mlinzi na atakayeziba paa likivuja. Jambo moja nakuomba kwa moyo wote: usidai utungiwe wimbo wa kukusifu. Kikundi kinachozoea kuimba majina ya wafadhili huacha taratibu nyimbo zake, nazo ndizo ulizotaka kuzisaidia.

SWALI: Mimi sina fedha. Naweza kuchangia nini? – Mwanafunzi wa uhasibu, Makerere

JIBU: Lipa kiingilio. Unapokwenda kutazama ngoma katika kituo cha Ndere kule Ntinda, Kampala, au Makumbusho ya Uganda yaliyoanzishwa mwaka 1908, usitafute rafiki wa kukupitisha bure. Zaidi ya hapo, unasomea fani ambayo vikundi vya sanaa wanaihitaji mno. Wengi hukosa barua ile niliyomweleza msomaji wa Mbale kwa sababu hawana vitabu vya hesabu vinavyoeleweka. Tafuta kikundi kimoja karibu na hosteli yako, uombe stakabadhi zao za mwaka huu, hata kama zimejaa kwenye mfuko wa plastiki, na uanze kuzipanga kwa tarehe.