Asiyewahi kupanda mlima anaweza kwenda na klabu ya wapanda milima?

Anaweza dada, tena ni heri aende na klabu kuliko peke yake. Kama uko Nairobi, Mountain Club of Kenya ipo tangu 1949 na makao yake ni pale uwanja wa ndege wa Wilson. Nenda uongee ana kwa ana na anayeongoza safari. Muulize mwendo ni wa saa ngapi, nauli mnachangiana vipi, na hasa nani anatembea nyuma kabisa. Hilo la mwisho mimi nalipa uzito sana: kiongozi makini humweka mtu mzoefu mkiani, na wa mbele husubiri kila njia inapogawanyika.

Anza na Mlima Longonot, mita 2,776. Kupanda hadi ukingoni mwa shimo lake la volkeno si kurefu, ila vumbi lake hutelezesha vibaya wakati wa kushuka, kwa hiyo vaa viatu vyenye meno ulivyokwisha kuvizoea. Lenana, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 4,985, iache kwanza. Huko juu kichwa kikigonga na ukaanza kutapika, mwambie kiongozi papo hapo, mshuke. Usione haya kuwakatizia wenzako safari.