Walilima shamba la mtu: maswali yenu kuhusu wakulima wapangaji wa Uingereza

Maswali ya safari hii mengi yametoka kwa ndugu zetu waliooa au kuolewa Uingereza, wanataka watoto wajue na ukoo wa upande wa pili, jambo zuri sana, nayajibu moja moja.

*Shikamoo dada. Mume wangu ni wa Norfolk, kwao wanasema babu wa babu yake alikuwa na shamba kubwa. Nimetafuta ile orodha ya wenye ardhi ya 1873, jina halimo kabisa. Walitudanganya?*

Marahaba mdogo wangu. Hawajadanganya, ila kwa wakulima wa kule kusema "shamba letu" sio lazima liwe mali yao. Mtu alilima ekari 200 maisha yake yote na hakumiliki hata hatua moja, shamba la lodi, au la kanisa, au la chuo kule Cambridge, yeye analipa pango tu. Na hiyo orodha ya 1873 iliandika wamiliki, kuanzia wenye ekari moja, sasa mpangaji angetokea wapi?

Anza na sensa. Kuanzia ya 1851 mpaka ya 1881 wakulima waliambiwa wataje wanalima ekari ngapi na wameajiri watu wangapi, so utakuta kimeandikwa kitu kama mkulima, ekari 120, vibarua 5. Ukishajua kijiji nenda kwenye ramani za zaka, yaani hizi mimi nazipenda mno. Mwaka 1836 bunge lilipitisha sheria kwamba zaka, lile fungu la kumi la mavuno, iwe inalipwa kwa pesa, basi ikabidi vijiji vipimwe na kila kipande kikaandikwa mwenyewe ni nani, anayelima ni nani, kipande kinaitwaje, kina ukubwa gani, kinalimwa au ni malisho. Zimefika kama robo tatu ya England na Wales, na nyingi ni za miaka ileile ya sensa ya 1841, ziweke pamoja mezani utaona nani alikaa nyumba ipi na alilima wapi.

Sasa ukishapata jina la mwenye ardhi, weka ukoo wako pembeni kidogo ufuate wa kwake. Hapa ndo wengi wanakwama, wanatafuta karatasi za mpangaji kwa mpangaji wakati ziko kwenye kabati la mwenye shamba: vitabu vya pango, mikataba, barua za msimamizi, nani kadaiwa, nani kaomba paa litengenezwe. Kama shamba lilikuwa chini ya Holkham, ile milki kubwa ya lodi huko Norfolk, nyaraka zipo kulekule kwenye jumba lao, za wengine waulize ofisi ya nyaraka ya kaunti, Norwich.

*Mambo. Nasoma Exeter, mwenye nyumba wangu ni mzee wa Devon, namsaidia kutafuta ukoo. Nimerudi mpaka 1790 hivi kwenye vitabu vya kanisa, watu wenye jina moja ni wengi, siwatenganishi.*

Poa mdogo wangu, na uko sehemu nzuri, manake Devon, Cornwall na jirani zao walikuwa na mkataba wa maisha ya watu watatu. Unapewa shamba miaka 99 lakini mkataba unakufa wakifa wote watatu waliotajwa ndani, kwa hiyo watu waliandikisha mume, mke na mtoto, mara nyingi mtoto mdogo kabisa ili mkataba uishi. Mmoja akifa mnalipa ada kuongeza jina jingine. Na mwenye ardhi ilibidi afuatilie nani hai nani kafa, so vitabu vyake vina majina, undugu, mara nyingine na umri. Hicho ni kitu kitabu cha ubatizo hakikupi. Inaniuma kidogo nikifikiria nyumba nzima kutegemea pumzi za mtoto wa miaka minne, lakini ndo ilivyokuwa.

*Kwenye sensa watoto sita wamezaliwa parokia nne tofauti. Ni familia moja kweli?*

Inawezekana kabisa. Wapangaji wengi walikuwa wa mwaka kwa mwaka, mkataba unaisha Machi 25 au Septemba 29, kodi ikipanda au mavuno yakigoma wanapakia mkokoteni wanahama. Tafuta ubatizo wa kila mtoto, utapata njia yote waliyopita.

*Mtu asiye na ardhi aliandika wosia wa nini?*

Wa ng'ombe, farasi, majembe na mazao yaliyopo shambani, huo ndo ulikuwa utajiri wake. Ila kabla ya Januari 12, 1858 wosia ulithibitishwa kwenye mahakama za kanisa, sio za serikali.

*Dada, babu mkwe alilima Suffolk wakati wa vita. Nimeona fomu yake ya serikali, wamempa daraja B. Niwaoneshe familia au ninyamaze?*

Hiyo ni ile sensa ya mashamba ya 1941 mpaka 1943, yote ya ekari 5 kwenda juu, fomu zipo Kew, hifadhi ya nyaraka ya taifa kule London. A, B au C ni jinsi mkulima anavyoendesha shamba, na asiyepata A waliandika sababu: uzee, kukosa mtaji, au kasoro zake mwenyewe. Soma sababu kwanza, alafu angalia alianza kulima hapo lini, alikuwa na farasi wangapi, maji yalitoka wapi, umeme ulikuwepo au hapana. Waoneshe fomu zote, sio ukurasa wa daraja peke yake, na omba na ramani yake, mashamba yamechorwa na mipaka.